Lango kati ya nyumba mbili: kumzuia mwizi bila kumfungia jirani nje



Katika ziara zetu ndani ya kartiye ya Nyalukemba, komini ya Ibanda, kuna swali ambalo wakuu wa avenyu, wenye parseli na wapangaji wanatuuliza tena na tena: "Je, tunaweza kuweka lango kwenye kale kanjia kati ya nyumba mbili?" Linaonekana kuwa swali la fundi wa chuma. Lakini mara nyingi, pale lango liliposimamishwa bila mazungumzo, tumekuta ugomvi umelifuata: jirani hasalimii tena jirani, watoto wanapigana, familia iliyokimbia vita inaamka usiku na kukuta imefungiwa nje.

Katika makala hii tunaeleza hatua kwa hatua jinsi ya kuweka lango la namna hiyo. Neno letu kubwa ni moja: makubaliano yatangulie, chuma kifuate. Lango linalokubaliwa na wote hulindwa na wote. Lango la mtu mmoja lina mlinzi mmoja tu.

Kwa nini njia hizi ni nyingi

Jina la Nyalukemba ni la zamani. Wabelgiji walipoweka kituo chao hapa mwanzoni mwa karne ya 20, kituo kilibeba jina hilo, kabla ya mji kuitwa Costermansville na baadaye, tangu miaka ya 1950, Bukavu. Sehemu kama Muhumba na Nguba ziligawanywa katika parseli kubwa, zenye bustani mbele na nyuma, kwa ajili ya watu wachache.

Kisha vita vikaja. Tangu 1996 na 1998, familia kutoka Walungu, Kabare, Kalehe, Mwenga na Shabunda zilikimbilia mjini kutafuta usalama. Mwaka 2024 na mwanzoni mwa 2025 zikafika nyingine kutoka Minova na Kalehe. Mji haukuongezeka ardhi, kwa sababu upande mmoja ni Ziwa Kivu na pande nyingine ni milima. Basi wenye parseli wakagawanya bustani, wakauza kipande, wakajenga nyumba ndogo ya mbao nyuma na kuipangisha. Nyumba ya nyuma haina mlango wa kutokea barabarani. Inabaki njia moja ya kupita: ile nafasi nyembamba kati ya nyumba mbili za mbele, pengine mita moja, pengine pungufu.

Njia hiyo mara nyingi haimo katika karatasi yoyote. Ilizaliwa kwa miguu ya watu. Ndiyo maana siku mmoja anapotaka kuifunga, kila mtu anakumbuka historia yake.

Na sababu za kutaka kufunga zipo, wala hatuzidharau. Mwezi wa Februari 2025, siku ambazo AFC/M23 iliingia Bukavu, wafungwa walitoka katika gereza kuu, na maduka na magodauni yakaporwa. Familia nyingi zikajifunza kulala macho. Njia yenye giza kati ya kuta mbili ni mahali pazuri kwa mwizi. Mama anayetaka lango hana roho mbaya, anawaza watoto wake.

Kwanza tujue: nafasi ile ni ya nani?

Kabla ya kupima chuma, tujiulize nafasi tunayotaka kufunga ni ya namna gani. Tunazikuta namna nne.

1. Njia iliyo ndani ya parseli moja. Nafasi yote ni ya mwenye nyumba upande mmoja, naye huwaachia wengine wapite.

2. Njia iliyo juu ya mpaka. Nusu ni ya parseli hii, nusu ni ya parseli ile. Hapa hakuna anayeweza kuweka kitu bila mwenzake, hata kama jirani yake ni mpole.

3. Kinjia cha watu wote. Kinaunganisha avenyu mbili, au kinapeleka watu kwenye bomba la maji, kanisani, shuleni au ziwani. Hicho ni mali ya umma. Kikundi cha majirani hakina mamlaka ya kukifunga, hata wakichanga pesa zote wao. Jambo hilo lipelekwe kwa shefu wa kartiye na komini.

4. Njia ya maji. Nafasi iliachwa ili maji ya mvua ya mapaa na ya mlima yapite. Watu hupita humo pia, lakini kazi yake ya kwanza ni maji. Katika mji wenye miteremko kama wetu, atakayeziba njia ya maji ataiona hasara katika nyumba ya jirani wa chini, na pengine katika msingi wa nyumba yake mwenyewe.

Nafasi moja inaweza kuwa ya namna mbili kwa wakati mmoja. Ulizeni wazee wa avenyu, angalieni karatasi, na ikiwa mpaka wenyewe unabishaniwa, ombeni watu wa kadasta waje kupima. Hayo yote hufanyika kabla fundi hajaitwa.

Sheria inasema nini

Katika nchi yetu ardhi husimamiwa na Sheria namba 73-021 ya tarehe 20 Julai 1973, iliyorekebishwa mwaka 1980. Kwa sheria hiyo, udongo wote ni mali ya Serikali. Mtu binafsi hupewa haki ya kuutumia, na ushahidi wa haki hiyo ni ile hati ya kuandikishwa kwa ardhi ambayo wengi huiita sertifika. Karatasi ndogo ya kuuziana yenye sahihi za mashahidi inasaidia, lakini haina nguvu ya sertifika.

Sheria hiyohiyo inatambua kwamba parseli moja inaweza kubeba mzigo kwa faida ya parseli nyingine. Kupita ni mmojawapo wa mizigo hiyo. Msingi wake ni rahisi kuuelewa: mtu ambaye parseli yake imezungukwa pande zote na za wengine hawezi kuachwa kama mfungwa. Anaweza kuomba apitie kwa jirani, mahali ambapo ataleta usumbufu mdogo, na jirani aliyeumia anaweza kudai fidia.

Kwa maneno ya kila siku: mwenye ardhi ana haki ya kulinda nyumba yake kwa lango. Jirani wa nyuma ana haki ya kufika kwake. Haki hizi mbili zinaweza kukaa pamoja, na kitu kinachozikalisha pamoja ni ufunguo. Lango ambalo mwenye kupita ana ufunguo wake linalinda. Lango ambalo hana ufunguo wake linamfukuza.

Ikiwa mnafikiria kwenda mbele ya mahakama, mwoneni kwanza wakili au ofisi ya hati za ardhi, ili mjue marekebisho ya karibuni ya sheria. Lakini tunawashauri mjaribu kikao kwanza. Kesi ya mpaka yaweza kudumu miaka, na muda wote huo mtaendelea kupishana katika njia ileile.

Kikao kabla ya fundi

Kikao kizuri hakihitaji pesa wala sherehe. Kinahitaji watu wote wanaohusika. Tunapendekeza waitwe hawa:

- wenye parseli za pande mbili za njia;
- mwenye nyumba ya nyuma;
- wapangaji wote wanaopita pale, pamoja na familia zilizohama na zinazohifadhiwa;
- mama mmoja au wawili wanaorudi sokoni usiku au kutoka alfajiri;
- kijana mmoja, maana vijana ndio huchelewa na ndio hushukiwa kwanza;
- shefu wa avenyu, na mkubwa wa nyumba kumi ikiwa yupo.

Kikao kifanyike ndani ya njia yenyewe, wote wakisimama. Tumeona faida yake. Anayesema "njia ni pana" ataona mwenyewe, na anayesema "mimi hupita hapa mara moja tu" ataonyeshwa na majirani.

Mwenye kutaka lango aanze kwa kueleza hofu yake, asianze kwa kutangaza uamuzi. Kuna tofauti kubwa kati ya "Nitafunga hapa Jumatatu" na "Baba, mama, usiku hatulali, tusaidiane tufanye nini?" Neno la kwanza linaita ubishi. La pili linaita mashauri. Pengine mashauri yataleta njia nyepesi kuliko lango: taa moja, kukata kichaka, au kuelewana nani apige filimbi. Pengine wote watasema lango ni lazima. Hapo litakuwa lango lao.

Kisha kikao kijibu maswali haya sita:

1. Nani hupita hapa, na saa ngapi?
2. Maji hupita wapi wakati wa mvua kubwa?
3. Ndani ya udongo kuna bomba la Regideso? Juu kuna waya wa SNEL?
4. Nyumba ikishika moto, watu wa nyuma watatokea wapi?
5. Mgonjwa, mama mwenye uchungu wa kuzaa, au jeneza vitapitaje?
6. Nani atalipa, na asiyeweza kulipa atafanya nini?

Swali la tano huwanyamazisha watu kidogo. Lakini kila mmoja wetu amewahi kuona wanaume wakigeuza jeneza kwenye kona huku familia inalia. Afadhali kupima mapema kuliko kuvunja lango siku ya msiba.

Kuhusu swali la sita, tunasisitiza jambo moja. Kuchanga pesa hakumpi mtu umiliki wa njia, na kukosa pesa hakumnyimi mtu haki ya kupita. Familia iliyofika mikono mitupu inaweza kuchangia kwa kubeba mchanga, kuchimba mashimo, au kufagia mfereji kila juma. Mchango huo uandikwe kama pesa zinavyoandikwa.

Familia zilizohama, na mwenye parseli asiyekuwepo

Sehemu hii tunaiandika kwa ajili yenu hasa, familia mliohama makwenu, na kwa ajili ya viongozi wanaowapokea.

Mara nyingi familia iliyohama hukaa nyuma kabisa, katika chumba cha bei ndogo. Ndiyo inayohitaji njia kuliko wote, na ndiyo inayoogopa kusema. Husikia: "Ninyi ni wageni, mtarudi kwenu." Kukaa kwa muda hakuondoi haki ya kufika mlangoni pako. Mkiitwa katika kikao, njoni. Msipoitwa, mwoneni shefu wa avenyu kwa heshima na kusema: "Mzee, nasi tunapita pale, tunaomba tusikilizwe." Mpangaji pia amshirikishe mwenye nyumba, kwa kuwa mpangaji hawezi kuahidi kwa niaba ya ardhi isiyo yake.

Nanyi wenyeji, msifanye lango kuwa njia ya kuwachuja wageni. Mahali pengine wizi ukitokea, jina la kwanza kutajwa ni la familia iliyofika juzi. Lango linalowekwa kwa mawazo hayo haliwezi kuleta amani, hata likiwa la chuma kizito namna gani.

Kuna hali nyingine, kinyume cha hiyo: mwenye parseli ndiye aliyekimbia. Yuko Bujumbura, Uvira, Kinshasa au mbali zaidi, na nyumbani amebaki mlinzi au mpangaji. Majirani wanataka lango leo. Je, wafanyeje? Kanuni za Mwongozo za Umoja wa Mataifa kuhusu watu waliohama ndani ya nchi zao, za mwaka 1998, zinasema kwamba mali waliyoiacha inapaswa kulindwa isiharibiwe wala kunyakuliwa. Mkataba wa Kampala wa Umoja wa Afrika, uliopitishwa mwaka 2009, unafuata msimamo huohuo. Kwa hiyo tunashauri hivi: mtafuteni kwa simu na mpate neno lake mbele ya mashahidi. Asipopatikana, wekeni kitu cha muda kinachoweza kuondolewa bila kuvunja ukuta wake, na muandike wazi kwamba jambo litaangaliwa upya atakaporudi. Lango la muda lisigeuke kuwa mpaka mpya. Mtu anaporudi kutoka ukimbizini na kukuta jirani amesogeza nguzo nusu mita, vita vingine vinaanza siku hiyo.

Kazi ya fundi

Sasa fundi anaweza kuja. Nafasi nyembamba ina masharti yake, na mafundi wengi wamezoea malango mapana ya magari. Zungumzeni naye mambo haya.

Kupima. Pimeni upana mahali patatu: chini, katikati na juu, kwa sababu kuta za zamani si wima. Chukueni kipimo kidogo kuliko vyote. Mfano: njia ina sentimita 120. Nguzo mbili za sentimita 8 zinachukua 16, zinabaki 104. Acheni sentimita 2 upande wa bawaba na 2 upande wa komeo. Ubao wa lango utakuwa sentimita 100. Njia ikiwa na sentimita 90 tu, nguzo hizohizo zitaacha 74, na hapo mtu mwenye mzigo kichwani na mtoto mkononi atapita kwa shida. Katika hali hiyo tafuteni chuma chembamba zaidi cha nguzo, au sogezeni lango hadi mahali ambapo njia inapanuka.

Nguzo. Msifunge bawaba kwenye ukuta wa jirani bila ruhusa yake, na msizifunge kabisa kwenye nyumba ya mbao, kwa kuwa uzito wa lango utaivuta kila linapofunguliwa. Hata ukuta wa matofali uangaliwe. Tetemeko la tarehe 3 Februari 2008 liliacha nyufa katika nyumba nyingi za Bukavu, na ukuta wenye ufa haufai kubeba chuma. Ni bora nguzo zisimame zenyewe katika udongo. Chimbeni shimo la sentimita 50 hadi 60 kwenda chini, kwa mkono na polepole, ili msipasue bomba la maji. Zege liwe la ndoo moja ya simenti, mbili za mchanga na tatu za kokoto. Likaushwe kwa utaratibu, likimwagiwa maji kidogo kila siku, na lango lisitundikwe kabla ya siku saba.

Upande wa kufungukia. Lango lifunguke kuelekea ndani, lisimpige mpita njia barabarani. Lakini angalieni mteremko. Njia ikipanda kuelekea ndani, lango litagusa udongo kabla ya kufunguka lote. Udongo ukipanda sentimita 10 katika mita moja, na chini ya lango kuna nafasi ya sentimita 5 tu, lango litakwama kabla ya kufunguka lote. Basi ama mkate sehemu ya chini kufuata mteremko, ama mlisogeze ndani kidogo lifungukie upande unaoshuka. Lango la kuteleza ubavuni halifai hapa, kwa sababu hakuna ukuta mrefu wa kulipokea.

Maji. Sehemu ya chini, angalau sentimita 30, iwe ya nondo na si ya bati. Lango lililofunikwa na manjanja mpaka chini huwa kizuizi: takataka zinajikusanya, maji yanapanda, ukuta unalowa. Zege la nguzo lisiingie katika mfereji. Nafasi kati ya nondo na nondo isizidi sentimita 10, ili kichwa cha mtoto kisinase.

Moto. Hili ndilo la kwanza kwa uzito, ingawa watu hulikumbuka mwisho. Nyumba za mbao zilizobanana huungua haraka, hasa wakati wa kiangazi, na Bukavu imeona avenyu nzima zikiteketea. Gari la zimamoto haliingii katika njia ya mita moja. Watu hujiokoa kwa miguu yao. Kwa hiyo lango la njia pekee ya kutokea lisifungwe kamwe kwa kufuli upande wa ndani. Liwe na komeo linalofunguka kwa mkono, bila ufunguo, mahali ambapo hata mtoto wa miaka minane anafika. Ili mwizi asipitishe mkono na kulifungua kutoka nje, fundi aunganishe kipande cha bati mbele ya komeo, upana wa sentimita 40 kila upande. Ufunguo uhitajike kwa anayeingia tu.

Mizigo mikubwa. Ombeni bawaba za kunyanyua, zile ambazo lango lote huinuliwa na kutolewa. Siku ya jeneza, ya kitanda au ya mgonjwa anayebebwa kwa tipoyi, watu wawili watalitoa kwa dakika moja. Ili mwizi asilinyanyue pia, fundi aweke pini juu ya bawaba, inayotolewa kutoka ndani.

Mwisho, chuma kipakwe rangi ya kuzuia kutu kabla ya rangi nyingine. Mvua ya Bukavu haina huruma kwa chuma kitupu.

Funguo na saa

Malango mengi tunayoyajua hayakuleta ugomvi siku ya kuwekwa. Yaliuleta mwezi wa pili, wakati ufunguo mmoja ulipopotea. Tunapendekeza kila jamaa ipate ufunguo wake, ile ya wapangaji na ile iliyohama pia. Ufunguo mmoja wa akiba ukae kwa mtu anayeaminiwa na wote, aliye karibu, ambaye hakasiriki akiamshwa.

Mchana lango libaki wazi, au limefungwa bila ufunguo. Usiku lifungwe saa iliyokubaliwa na wote. Msiige saa ya avenyu nyingine. Kama kuna mama anayerudi saa tatu kutoka sokoni, saa mbili si saa ya haki. Atakayechelewa apige hodi, na asitukanwe. Mpangaji akihama arudishe ufunguo, na mpya akabidhiwe mbele ya shahidi. Ufunguo ukipotea, kitasa kibadilishwe kwa mchango wa wote mara ya kwanza, na kwa mchango wa aliyepoteza mara ya pili.

Andikeni

Wazee walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Hata makubaliano hupotea. Andiko likiwa katika karatasi moja linatosha. Huu ni mfano ambao mnaweza kuunakili na kujaza:

"Sisi, wenye parseli namba … na namba …, avenyu …, kartiye ya Nyalukemba, komini ya Ibanda, pamoja na wapangaji na jamaa zinazokaa nyuma, tumekutana tarehe … mbele ya shefu wa avenyu. Tumekubaliana kuweka lango katika njia iliyo kati ya nyumba zetu, yenye upana wa sentimita …. Lango halibadilishi mpaka wa parseli yoyote. Wote wanaokaa nyuma wanabaki na haki ya kupita, mchana na usiku. Lango litafungwa kuanzia saa … mpaka saa …. Kutoka ndani litafunguka bila ufunguo. Funguo … zimetolewa kwa jamaa hizi: …. Maji ya mvua yataachwa yapite. Matengenezo yatagawanywa hivi: …. Kukiwa na ugomvi, tutakutana kwanza sisi kwa sisi, kisha mbele ya shefu wa avenyu, kabla ya kwenda mahali pengine."

Kila mmoja atie sahihi au kidole, wake kwa waume. Zitolewe nakala kwa kila parseli, kwa wapangaji na kwa shefu. Kama wenye parseli wanataka haki ya kupita iwe ya kudumu hata parseli ikiuzwa, waende kwa konservateri wa hati za ardhi ili iandikwe katika sertifika. Bila hivyo, mnunuzi mpya anaweza kusema kwamba hakujua.

Ikiwa lango limekwisha wekwa na ugomvi upo

Msilivunje usiku. Anayevunja huonekana mkosaji, hata kama haki ilikuwa yake. Shefu wa avenyu aombe jambo moja la haraka: wanaokaa nyuma wapewe funguo siku hiyohiyo, na kufuli la ndani liondolewe kwa sababu ya hatari ya moto. Hilo halimnyang'anyi mwenye lango kitu. Roho zikitulia, ndipo kikao kifanyike, maswali sita yaulizwe na andiko liandikwe. Fundi anaweza kukata na kuunganisha tena lango kwa siku moja.

Viongozi, tunawaomba msisubiri kuitwa. Mkiona nguzo mbili zimesimama kati ya nyumba mbili na zege bado bichi, ingieni, mpige hodi, muulize kwa upole nani hupita pale. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na zege likiisha kukauka kila upande hushikilia neno lake. Kabla halijakauka, mna zile siku saba za kuzungumza.